Ombi la Kuungua Ili Nasi Tuendelee

Suji, Upare
9 Agosti 1949

Kwa Bwana Shauri, Bomani

Bwana Mheshimiwa,

Pokea salamu zetu, na baada ya salamu nina malalamiko. Karani wako Kassimu alipanda huku kupima maendeleo, akaandika kila kilichouzwa na kila aliyelipwa. Sasa imetangazwa barazani kwamba Suji ni ya mwisho, na kwamba maji ya ndiva yetu, lile bwawa la kumwagilia mashamba, yatapelekwa tambarareni kwenye shamba la mkonge, maana huko ndiko kwenye maendeleo. Bila maji hayo hatuna mahindi wala maharage.

1. Ndiva tuliizoa tope kwa msaragambo, kila nyumba ikatoa mtu na jembe, asilipwe mtu. Karani ameandika kwamba wiki ile Suji haikufanya kazi.

2. Mke wangu Dorkas amezalisha wanawake kumi na mmoja mwaka huu, wote wazima pamoja na watoto wao. Ameandikwa hana kazi. Nilichukia sana, Bwana, ingawa mwenyewe alicheka.

3. Kijiji jirani kiliungua, wakanunua mabati, wakalipa mafundi. Wameandikwa wa pili. Sisi ambao hatukuungua tumeonekana wavivu.

Kwa hiyo tunaomba moto kidogo. Nyumba sita zatosha kwa kuanzia, na yangu iwe ya kwanza. Tunaomba pia homa, ili dawa zinunuliwe, na ugomvi wa mipaka, kwa maana wazee wetu wanapatanisha watu bure na kulinyima baraza ada zake. Ndiva tutaibomoa wenyewe, nawe uajiri watu waichimbe upya. Tangu leo hakuna mtu wa Suji atakayemsaidia mwenzake bila malipo. Dorkas nimemwambia.

Utusalimie Mama, watoto, mpishi, askari wote, na Kassimu, ambaye hana kosa, aliandika alichotumwa.

Ni mimi, mtiifu wako katika kurudi nyuma,
Melkizedeki Mshana

Tanbihi: Barua hii imechelewa siku tatu. Nilipokuwa natafuta bahasha, msimamizi wa lile shamba la mkonge alipanda kwa miguu, akasema kisima cha vibarua wake kimekauka na watoto wao wanakunywa tope. Tukashika majembe sote, hata mimi, tukawachimbia mfereji kutoka kwenye ndiva. Wamepewa zamu ya maji kila Jumanne, na hakuna aliyelipa wala aliyelipwa. Basi ile amri yako ya maji, Bwana, unaweza kuichana. Wenzako wa mkonge waliomba tu, wakapata.