Kaya ya Watu Wawili

Jumamosi, 16 Februari

Akili imenijia nikiwa bafuni. Nitafilisika! Kihalali kabisa, mbele ya mahakama, na madeni yote ya biashara yangu ya uyoga yafutwe. Uyoga wenyewe ulishakufa huko chini ya nyumba. Lakini zile kadi za benki nilizonunulia mbegu na taa na mapipa, hizo hazifi.

Ila nisijidanganye. Sababu si kadi, sababu ni Loretta. Mwaka jana alipoondoka hakusema hanipendi. Alisema amechoka na simu. Wadai walipiga kila tukikaa mezani, kijiko hakijafika mdomoni. Akasimama mlangoni na koti lake la kijani akasema, "Kaz, siku simu itakaponyamaza, nitarudi." Hayo ndiyo maneno yake, sijaongeza hata moja.

Leo simu imelia tangu asubuhi. Sikupokea. Nimekula soseji nikiwa nimesimama. Namkumbuka mke wangu, jamani.

Jumanne, 19 Februari

Kwa wakili. Bi. Renner, mwembamba, miwani juu ya nywele. Nilivaa shati lililochanika kwapani ili aone hali yangu. Hakulitazama kwapa. Alitaka hati za mshahara za miezi sita.

Balaa! Mimi si maskini wa kutosha. Kumbe kufilisika nako kuna mtihani. Wanachukua mapato ya miezi sita, wanatafuta wastani, wanalinganisha na kipato cha kati cha watu wa jimbo letu la Ohio wenye kaya kama yako. Kaya yangu ni mimi. Na msimu wa sikukuu niliendesha foklifti, lile gari la kunyanyulia mizigo, pale ghalani mpaka kiuno kikakataa, ovataimu juu ya ovataimu. Nimezidi. Kidogo tu, bei ya matairi mawili kwa mwezi, lakini nimezidi.

Nikauliza, kwa hiyo mtu anaadhibiwa kwa kuchapa kazi? Akasema hakuna adhabu. Nisubiri tu hadi Julai, nisiguse ovataimu, ile miezi minono itoke kwenye hesabu, nitapita bila shida.

Julai! Duane Hoekstra hatasubiri Julai. Duane anauza mabwawa ya kuogelea, ana meno mengi kupita kawaida, na kila Ijumaa anampeleka Loretta kucheza boling, ule mchezo wa kuangusha pini kwa mpira. Nimeambiwa na watu watatu. Mmoja ilibidi nimnunulie bia.

Nikambana wakili anipe njia nyingine. Akasema ukishazidi kwenye mapato, wanakwenda kwenye matumizi. Chakula wamekupangia wao, ule usile. Lakini mkopo wa gari unaukata kwenye hesabu kila mwezi. Langu nilishamaliza kulipa. Yaani mwenye deni la gari anahurumiwa kuliko mimi niliyelipa mpaka senti ya mwisho? Akavua miwani, akasema kwa namna fulani, ndiyo.

Nimetoka pale nachekelea.

Alhamisi, 21 Februari

Duka la magari. Nikachagua pikapu nyekundu, ghali kuliko zote. Muuzaji aliniita "mheshimiwa" mara nyingi tu. Akaingia ndani na jina langu, akatoka na uso wa msibani. Mkopo umekataliwa, nina madeni mengi mno. Nikamweleza kwamba ndiyo sababu nautaka. Akaniuliza kama nimekula leo. Akanipa kahawa.

Kwa hiyo nina madeni mengi mno kukopeshwa, na pesa nyingi mno kufilisika. Mtu wa aina yangu hakufikiriwa kabisa walipokuwa wanatunga sheria.

Kisha nikamwona. Ng'ambo ya barabara, nje ya kliniki anaposafisha meno ya watu. Koti la kijani. Alikuwa anakwangua barafu kwenye kioo cha gari lake kwa kadi ya maktaba, kwa sababu kikwangulio chake kilibaki kwenye gari langu. Nilitaka kuvuka. Nikajificha nyuma ya pikapu mpaka akaondoka.

Ijumaa, 22 Februari

Nimempigia Bi. Renner. Je, mbwa anahesabiwa kwenye kaya? Hapana. Akashusha pumzi, akasema kaya ya watu wawili ina kikomo cha juu, na kwa mshahara wangu ningepita. Ila huyo mtu awe anaishi kwangu kweli, anakula kwangu kweli, kwa sababu nitatia sahihi kwa kiapo na wanaodanganya wanafungwa. Na mapato yake nayo yanaweza kuingia kwenye hesabu. Isipokuwa ile pensheni ya uzeeni ya serikali, hiyo huachwa nje.

Huachwa nje! Nani namjua mimi asiye na mshahara, ana pensheni, na anaweza kuishi na mimi bila kuniua?

Mama Stasia! Mama mkwe wangu! Labda la kuniua tulitazame baadaye. Anakaa na Loretta ghorofa ya tatu, magoti yamekwisha, ngazi zinamtoa machozi. Kwangu chumba kiko chini. Na Loretta akitaka kumwona mama yake atakuja wapi? Hapa! Mlangoni kwangu, kwa miguu yake mwenyewe!

Wakati mwingine najiogopa kwa akili hizi.

Jumapili, 24 Februari

Amekuja!

Nilimpigia Loretta nikasema namhurumia mama na zile ngazi. Akasema, "Wewe Kaz, una nini tena wewe?" Nikasema sina kitu. Hapo Mama Stasia akanyakua simu akauliza kama kwangu anaruhusiwa kutazama mieleka, maana kwa bintiye ni vipindi vya bustani tu. Nikasema mchana kutwa, mama. Nikasikia makabati yanafunguliwa.

Ameshuka na masanduku matatu, Bikira Maria wa plasta, na sufuria yake mwenyewe kwa kuwa zangu haziamini. Kaingia, kanusa. Kasema uyoga bado unanuka, na nyumba hii inahitaji mwanamke au kiberiti.

Loretta alibeba sanduku la mwisho. Akaingia ndani. Ndani ya nyumba! Akasimama jikoni akagusa pazia alilolishona mwenyewe. Nikampa kikwangulio chake cha barafu. Akacheka akiziba mdomo kwa kiganja, vile anavyocheka yeye. Alikaa kitini kama dakika mbili hivi akanywa maji, akaaga.

Nimekaa kwenye kiti kile mpaka kikapoa. Sijali nani atasoma haya.

Jumatano, 27 Februari

Fomu inanipa chakula cha watu wawili. Mama Stasia anakula cha watatu, na anakilaumu chote.

Kila akitazama mieleka ni lazima nimkande magoti kwa mafuta ya kafuri. Nikipunguza nguvu ananipiga kofi la kichwa. "Kanda, mwanangu, hupaki siagi hapa!" Nimegundua nazipenda jioni hizi. Nyumba ina kelele. Kuna mtu wa kuniambia nivute viatu vyangu pembeni.

Kasema Duane ana mikono milaini kama mkate uliolowa, tena hamalizi sahani yake. Nilitamani kumbusu. Nikamwuliza, kama utani, kama Loretta hunitaja. Kasema hunitaja akikanyaga kitu. Hunitaja!

Bi. Renner anasema makaratasi yatawasilishwa Ijumaa ya wiki ijayo. Kaya: watu wawili. Nitapita.

Jumapili, 3 Machi

Sijui nianzie wapi. Loretta kashinda hapa.

Tumetengeneza pierogi. Mama alikanda unga akiwa amekaa, Loretta alikata miduara kwa glasi, mimi nikafunga viazi na jibini ndani na kubana kingo. Vidole vilikumbuka vyenyewe. Alinifuta unga kwenye nyusi bila kufikiri, kisha akafikiri, akageukia meza. Nami nilikuwa mwekundu mpaka masikioni, mwanamume wa miaka hamsini na mbili.

Kisha simu ikalia. Mdai. Nikajua basi, yameisha, atachukua koti. Loretta akainuka, akauchomoa waya ukutani, akarudi kukata miduara. Mama Stasia akanikodolea macho kama anayengoja niseme kitu.

Nikasema itabidi niurudishe waya baadaye, maana Bi. Renner anaweza kupiga. Mama akalitupa donge la unga mezani kwa nguvu.

Sikuelewa amekasirikia nini. Lakini siku ilikuwa nzuri sana. Loretta kaacha glavu zake. Zinanuka sabuni ya kliniki.

Jumanne, 5 Machi

Siku ya ponchki, yale maandazi ya jamu tunayojipakia kabla ya Kwaresima. Mtaa mzima ulikuwa kwenye foleni ya duka la mikate tangu alfajiri, pumzi zinafuka. Nikanunua boksi. Nikageuka, Loretta huyu hapa nyuma yangu. Tukaingia garini mwangu kula, kioo kikajaa ukungu.

Akasema amemwacha Duane. Alimshinda boling mara tatu, bwana akanuna njia nzima. Akasema ameniona ninavyomkanda mama yake magoti, na hakuna aliyenilazimisha. Kisha akasema huku anatazama ponchki yake, si mimi. "Simu na ilie, Kaz. Nimechoka kuisubiri inyamaze. Kesho jioni nakuja nyumbani."

Nyumbani! Alisema nyumbani!

Na papo hapo, Mungu anisamehe, kichwa kikaanza hesabu. Kesho ni Jumatano. Makaratasi ni Ijumaa. Loretta akiingia kabla ya Ijumaa, mshahara wake wa kliniki unaingia naye. Kaya ya watatu, mishahara miwili, tunapaa juu ya kikomo.

Nikamwambia asubiri hadi Ijumaa mchana. Siku mbili tu! Akauliza kwa nini. Nami, badala ya kusema nitapaka rangi chumba, nikamchorea hesabu nzima juu ya boksi la ponchki. Safu ya kwanza mimi peke yangu, nimefeli. Safu ya pili mimi na mama, nimepita. Safu ya tatu ni yeye akiwemo. Nikaipigia mstari mara mbili ili aone vizuri hasara anayoileta.

Akasoma muda mrefu. Akauliza, "Mama yumo kwenye fomu?" Nikasema kwa fahari, ndiye mtu wa pili!

Akairudisha ponchki kwenye boksi, imeng'atwa upande. Akashuka. Nikafungua dirisha nikamwambia kwamba hii yote ni kwa ajili yake. Hakugeuka.

Jumatano, 6 Machi

Wamemchukua mama. Loretta alikuja na binamu yake mwenye gari kubwa, wote wana majivu ya Kwaresima kwenye paji la uso, na hakuna aliyenisalimu. Nilijaribu kueleza kwamba magoti niliyakanda kwa moyo, fomu haina mahali pa magoti. Loretta akasema, "Najua. Ndiyo maana inauma." Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

Mama Stasia aliomba asaidiwe na mimi, si na wengine, kushuka ngazi za barazani. Akanining'inia mkononi. Akasema ya fomu aliyajua tangu siku ya kwanza, nani anayemchukua mama mkwe bure? Hayo alinisamehe kabla sijayafanya. "Lakini alikuja, mwanangu. Alikuja mwenyewe na wewe ukamwambia angoje mlangoni. Kichwa maji wewe." Kisha akanishika shavu. Mkono wake ulinuka kafuri.

Ameondoka na sufuria, Bikira Maria, na rimoti yangu.

Ijumaa, 8 Machi

Kwa Bi. Renner. Kaya ya mtu mmoja. Nimezidi kwa bei ya matairi mawili, vilevile.

Akafunga faili, akasema kwa upole kuliko nilivyostahili kwamba sijapoteza chochote. Nakaa kimya hadi Julai, nafanya saa zangu za kawaida, sinunui kitu kwa mkopo, nakuja, napita. Hakuna ujanja wowote unaohitajika. Akarudia hilo la ujanja. Kisha akaniandikia kwenye kikaratasi kwa herufi kubwa: USIFANYE OVATAIMU. Nikaapa, mkono kifuani.

Jumapili, 10 Machi

Saa nne asubuhi. Friji inanguruma. Nimeyaweka makombo ya pierogi kwenye sahani, nimeyarudisha. Nimesogeza viatu vyangu pembeni, hakuna aliyeniambia.

Sasa napokea kila simu. Huenda ni yeye. Leo nimepokea mara tano, nasema, "Loretta?" na kila mara ni mdai. Wa mwisho, mama mmoja wa Dakota, aliniuliza kama niko salama. Tuliongea habari za theluji. Aliposema sasa turudi kwenye deni, nilisikitika.

Siwezi Jumapili kama hizi. Nimeamua.

Sasa ni jioni. Mchana nimekwenda ghalani. Msimamizi anatafuta watu wa zamu ya Jumapili hadi Pasaka, malipo mara mbili. Nimejiandikisha zote! Kutoka hapo nikapita duka la vyombo vya umeme. Wana televisheni pana kuliko mlango wangu, na wale hawaulizi maswali, mkopo wao unapewa hapo hapo kaunta. Nimetia sahihi. Mieleka kwenye kioo kile, unaona jasho! Mama Stasia hatavumilia vipindi vya bustani hata wiki mbili akishasikia. Atarudi. Na mama akirudi, Loretta atakuja kumtazama kila Jumapili, saa nane, kama Jumapili ile ya pierogi.

Mimi saa nane nitakuwa kazini, hilo ni kweli. Nitauacha mlango wazi.