Pedi Nyeusi kwa Gari Jeusi

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Natamka dai langu bila kupepesa macho: pedi ya kung'arishia gari huchaguliwa kwa rangi ya pedi yenyewe, si kwa kuminyaminya. Nyeupe ni ngumu, hukwangua rangi. Njano ni ya kati. Nyeusi ni laini kuliko zote, na ndiyo pekee inayostahili gari jeusi, kwa kuwa gari jeusi halifichi hata mkwaruzo wa ukucha. Nimeyasoma haya katika kijitabu cha kurasa arobaini na nne, chenye michoro. Nimekisoma mara mbili, tanbihi zikiwemo.

Upande wa pili wa mjadala yuko Gumba, fundi mkongwe wa gereji ya mjomba. Wanamwita hivyo kwa sababu kila pedi huibonyeza kwanza kwa kidole gumba, macho kayafumba, kama mtu anayechagua mkate. Nilimuuliza msingi wa kinadharia wa tendo hilo. Akasema msingi ni huu hapa, akaniinulia kidole.

Mjomba hapendi mijadala. Amesema kesho linaingia gari jeusi la mwalimu mkuu mstaafu. Boneti ndiyo iliyochakaa, kwingine ni kuosha tu. Nilifanye peke yangu. Likitoka safi, mashine ya kung'arishia ni yangu. Likiharibika, narudi kwenye ndoo na sabuni, mimi na digrii yangu.

Nilirudi nyumbani nikiwa mtulivu. Mama amekwisha kuwaambia majirani kwamba mimi ni mkuu wa kitengo. Kitengo kina mashine moja.

Jumanne, tarehe 5

Balaa. Mwalimu mkuu mwenyewe ni yule yule aliyeandika kwenye ripoti yangu ya kidato cha pili: "Ana akili, ila hashauriki." Ripoti ninayo bado. Nimeihifadhi kama ushahidi dhidi yake.

Alinitambua kabla sijajificha nyuma ya nguzo. Akauliza kama ni mimi kweli, au kuna mwingine mwenye paji la uso kama hili. Amesema Jumamosi shule inafungua maktaba yenye jina lake, naye hataki kufika na boneti yenye sura ya sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Kisha akamuuliza mjomba nani atakayeishika kazi. Mjomba akaninyooshea kidole.

Mchana nilichora jedwali la rangi za pedi na kulibandika juu ya rafu. Gumba alilisoma lote, midomo ikicheza. Akasema kijitabu changu ni cha watengenezaji wengine, na pedi za rafuni zimetoka kwingine; kila kiwanda hupaka rangi inavyokipendeza. Nikamwambia kwamba elimu ambayo kila mtu huipaka rangi anavyopenda si elimu. Alikubali. Alikubali haraka mno, sikupenda.

Akanishauri nianze na pedi laini kuliko zote, nijaribu kwanza kwenye kipande kidogo kama sahani, kisha nilitoe gari juani nikitazame. Nikamjibu kuwa majaribio ni ya asiyejua.

Jumatano, tarehe 6

Asubuhi: ushindi. Nilichukua pedi nyeusi, mpya, bado ina harufu ya dukani. Ilikuwa ngumu kidogo mkononi. Nikasema ni upya wake. Saa tatu nzima nikaiendesha mashine juu ya boneti. Chini ya taa ndefu ya darini ikawa kioo. Niliyaona meno yangu, na lile lililoanza kutoboka nililiona pia.

Mjomba alipita, akaguna vizuri. Gumba alipita, akasema boneti imependeza. Kisha akauliza, kwa upole kabisa, gari linatoka juani saa ngapi.

Kwa nini aseme jua? Jua limeingiaje?

Saa tisa nikalisukuma gari nje mwenyewe, mjomba akiwa kwenye simu. Mungu wangu. Boneti nzima mizunguko, myembamba, mamia kwa mamia, kama utando wa buibui aliyepatwa na kichaa. Nikasogea kushoto, ikanifuata. Nikasogea kulia, ikanifuata. Nikachuchumaa, nayo kana kwamba imechuchumaa.

Nimeandika dhana tatu. Ya kwanza, kasoro ni ya jua. Ya pili, kasoro ni ya gari. Ya tatu nimeifuta.

Alhamisi, tarehe 7

Mkakati: nta. Nta nzito hujaza mikwaruzo na kuilaza kimya. Niliipaka kama siagi, tabaka mbili, nikaifuta kwa kitambaa laini. Mizunguko ikatoweka. Niliegesha gari uani, juani, kwa makusudi, nikasimama kando mikono nyuma kama mgeni rasmi.

Sikumhesabu mjomba. Alifurahi mno. Katika furaha yake akaona vumbi kidogo, akatwaa ile sabuni kali ya kuondolea grisi, akaiosha boneti mwenyewe huku akipiga mluzi. Nilisimama nikiitazama nta yangu ikishuka kwenye mfereji.

Mjomba akainamisha kichwa. Akasema kuna kitu kinacheza hapa. Akaenda kutafuta miwani.

Kabla hajarudi nilikuwa nimeshafunika gari kwa turubai. Nikamweleza kuwa rangi ikishang'arishwa lazima ipumzike. Akauliza tangu lini rangi inapewa likizo, na yeye hajawahi. Nikamtajia ukurasa wa thelathini na moja. Hakuna kitu kama hicho ukurasa wa thelathini na moja. Kuna picha ya ndoo.



Ijumaa, tarehe 8

Nilimpigia simu mwalimu mkuu. Kwa lugha safi nikampendekezea aje kuchukua gari kesho jioni, jua likishapoa, kwa faida ya afya yake. Akasema ahsante mwanangu, amebadili mawazo, atakuja saa sita kamili, jua la utosini, alione gari lake vizuri. Akaongeza kwamba sauti yangu inafanana na ya siku ile dirisha la maabara lilipovunjika.

Nilikaa kando ya rafu peke yangu. Niliibonyeza pedi nyeusi kwa kidole gumba. Kwa ajili ya kukanusha tu. Ilikuwa ngumu kama soli ya kiatu. Nikaibonyeza nyeupe, ambayo jedwali langu linasema ni ngumu kupita zote. Kidole kikazama kama kwenye shavu la mtoto. Nikahitimisha kwamba kidole changu hakijafundishwa.

Nilipotoka kunawa uso, turubai limefunuliwa nusu. Gumba yuko na mashine, taratibu, anafuta dawa ya kung'arishia, anabadilisha pedi ikijaa. Nusu ya boneti, upande wa abiria, ilikuwa nyeusi kama kisima. Tulilivuta gari mpaka mlangoni juani. Haikuonyesha kitu isipokuwa mawingu.

Akaniambia, bwana mdogo, nusu yako hiyo hapo, pedi nyeupe safi iko rafuni, na mjomba wako hajaona wala hataambiwa. Akaenda zake kula.

Naomba msomaji wa shajara hii, ambaye ni mimi, auelewe ugumu wangu. Nikitumia pedi nyeupe, naokoa mashine na kuua dai. Nikikataa, dai linaishi, nami naishi nalo kwenye ndoo. Nilizunguka gari mara tisa.

Kisha nikapata ufumbuzi, na ninauona kuwa wa kifalsafa. Nilichukua kalamu ya wino mzito, ile ya kuandikia maboksi, nikaipaka pedi nyeupe ukingoni na mgongoni kote, nikiuacha uso wake tu. Ikawa nyeusi. Nikaing'arisha nusu iliyobaki kwa pedi nyeusi. Ilifanikiwa kabisa.

Jumamosi, tarehe 9

Saa sita. Jua utosini. Jasho lilinitoka hata magotini.

Mwalimu mkuu alivaa miwani, akaitoa, akaivaa. Alizunguka boneti kama anayesimamia mtihani. Akainama. Akasema inapendeza, na kwamba leo anaweza kufika maktabani bila aibu. Mjomba akacheka kwa nguvu, akanipiga begani, akatangaza mbele ya watu kwamba mashine ni yangu.

Mwalimu akavitazama vidole vyangu, vyeusi mpaka kwenye viungo. Akauliza kama bado naandika pembezoni mwa madaftari ya watu. Kisha akamuuliza mjomba swali moja: siku hizi anashaurika? Mjomba akamtazama Gumba. Gumba akakitazama kidole chake.

Gari likaondoka. Mizunguko haikuwepo. Nilitazama mpaka kona.

Jumapili, tarehe 10

Nimetafakari kwa utulivu, nje ya kelele za gereji. Ushahidi ni huu: gari jeusi, pedi nyeusi, matokeo safi, mashahidi wawili waliosoma, mwalimu mkuu na mimi. Kuhusu Jumatano, nimekwisha kubaini kwamba pedi ile ilikuwa na hitilafu. Kuhusu nusu ya Gumba, sina budi kuiita bahati.

Kesho linaingia gari la mjomba mwenyewe. Jeusi. Hajawahi kumruhusu mtu kuligusa, ila kwa kuwa mashine sasa ni yangu, amenikabidhi ufunguo kwa mikono miwili. Nimeshatenga pedi nyeusi nne, mpya, ndani ya karatasi zake. Hizi sikuzipaka kitu. Ni nyeusi za kuzaliwa. Sijazibonyeza wala sitazibonyeza.

Nimeandika barua ya wazi na nitaibandika chini ya jedwali. Ukimya wa fundi mkongwe mbele ya wateja si hoja. Ni kukimbia mjadala. Kwa hiyo namtaka Gumba, kama ana jibu, alitoe hadharani, kwa maandishi, ukutani pale pale ambapo kila mtu ataliona, kabla ya saa mbili kesho asubuhi. Saa mbili nawasha mashine.