Meli ya Angani na Mashuka ya Hoteli

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimekamilisha Mchoro wa Kumi na Nne wa Meli ya Angani Inayoendeshwa kwa Mvuke. Unaipita yote kumi na mitatu iliyoutangulia. Juu, tumbo refu la kitambaa lililojaa mvuke. Chini, kikapu cha abiria. Katikati, boila. Nyuma, feni. Mvuke mmoja, kazi mbili: kunyanyua na kusukuma. Sielewi ni kwa nini ulimwengu ulilipita wazo hili. Pengine ulikuwa na haraka.

Naandika haya katika chumba cha uani, nyuma ya chumba cha kufulia cha Shangazi, ambako nimehifadhiwa tangu nilipohitimu shahada ya uhandisi. Shangazi ni dobi. Ukuta wangu mmoja ni ukuta wa boila yake. Joto kali usiku na mchana. Wengine wangelalamika. Mimi naliita mazingira ya kazi.

Wakati wa chakula Shangazi alitoa habari. Hoteli kubwa ya barabara ya juu imekubali kumjaribu. Imemletea furushi la mashuka, na Jumamosi Msimamizi wa Vyumba atakuja mwenyewe kuyakagua. Yakimridhisha, nguo zote za hoteli zitafuliwa hapa. Yasipomridhisha, Shangazi atafunga kazi, maana wateja wake wa zamani wamenunua mashine na sasa hupita mlangoni wakisalimia tu. Alilisema hilo huku akipakua, bila kuinua macho.

Nimelitafakari kwa uzito. Jumamosi mtu mwenye madaraka atasimama uani kwetu. Hoteli yake ina paa bapa. Meli za angani zinahitaji kituo.

Jumanne, 4 Machi

Binamu amekuja. Huyu ni mtoto wa Shangazi, fundi wa majokofu, na kila mtu humwita kila mahali. Alitengeneza pampu ya maji kabla hajaketi. Wanawake wa pasi, wanaofanya kazi kwa Shangazi, wakampigia vigelegele. Nilieleza kwa adabu kwamba pampu ni teknolojia ya karne zilizopita. Akaniuliza maji ya chai niliyokuwa nakunywa yametoka karne ipi.

Nilimwonyesha mchoro. Aliutazama, akaugeuza, akautazama tena, kisha akauliza breki ziko wapi. Nikamfahamisha kwamba angani hakuna makutano ya barabara. Akasema basi mimi ndiye dereva wa kwanza kupata ajali na wingu. Wanawake wa pasi wakacheka mpaka mmoja akaunguza kola.

Kola hiyo nimelaumiwa mimi.

Kwa kumbukumbu za kitaalamu: mvuke ukipoa hugeuka maji. Nimeliona hilo. Nimeliweka kwenye tanbihi, kwa herufi ndogo.

Jumatano, 5 Machi

Siku ya kitambaa. Nimejaribu chandarua. Mvuke ulipita kana kwamba haukukiona. Nimejaribu magunia. Mazito, na yana harufu. Nimejaribu koti langu la mahafali. Limesinyaa, sasa lingemtosha mtoto wa chekechea.

Ndipo nilipoyaona mashuka ya hoteli. Yamekwisha kufuliwa na kupigwa pasi. Yamekunjwa kwenye rafu ya juu, meupe, kingo zimelingana. Nilipapasa moja. Uzi mwembamba, umefumwa kwa kushikamana sana. Mashuka ya aina hii hayakutengenezwa ili yalaliwe.

Nilijadiliana na nafsi yangu kwa haki. Hoja ya kwanza: mashuka si yangu. Hoja ya pili: Msimamizi anakuja kuyakagua, na shuka lililokunjwa huonekana upande mmoja tu, ilhali shuka linaloruka huonekana pande zote. Hoja ya pili ilishinda. Kwa hakika nitakuwa nimemsaidia Shangazi.

Dada wa Pasi, ambaye ndiye mkubwa wa wanawake wale, alinikuta nimeyakumbatia. Akauliza kama Shangazi anajua. Nilimjibu kwamba Shangazi atajua Jumamosi, pamoja na wengine wote. Akasema yeye hakuniona, wala hajawahi kuniona, wala mimi simjui.

Alhamisi, 6 Machi

Kushona. Nimetumia mishono mirefu ya kushikizia, ambayo hufumuliwa bila kuacha alama. Vidole vimejaa matundu. Rafuni nimeweka mapazia yangu, yamekunjwa vizuri, na juu yake shuka moja halisi. Mtu akipita haraka hatatambua.

Tatizo la mvuke kuvuja nimelitatua kwa wanga. Kola ikipakwa wanga hukakamaa kama kadibodi. Basi tumbo la meli likipakwa wanga wa kutosha litashika mvuke kama ngozi ya ngoma. Nimepika wanga wote uliokuwemo stoo. Uji mzito sana. Nimepaka mkono wa kwanza, wa pili, na wa tatu kwa sababu ulibaki.

Jioni hoteli ilimwita Binamu akatengeneze mashine yao ya barafu. Alirudi akisema Msimamizi ni mama mkali, anapitisha kidole hata juu ya fremu za milango. Shangazi akapitisha kidole juu ya fremu ya mlango wetu. Akakitazama. Akaleta ndoo na kitambaa, akaanza kufuta milango yote, peke yake, akiwa amepanda kwenye kiti.

Nilimshikia kiti. Ndipo aliponiambia, bila kugeuka:

“Baba, Jumamosi nakuomba kitu kimoja tu. Usifanye chochote.”

Nimelitafakari ombi hilo. Ni wazi ana hofu nitamwonyesha mgeni kitu kidogo tu, cha kutia aibu. Aondoe shaka.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeamua kutofanya jaribio. Jaribio lingelowesha mashuka, na mashuka ni mali ya watu. Mhandisi lazima awe na maadili.

Badala yake nimefanya mazoezi ya hotuba. Kurasa nne. Inaanza, “Mheshimiwa Msimamizi, tangu binadamu alipoinua macho,” na kuendelea. Binamu alisikiliza mlangoni, akauliza huyo binadamu akiinua macho anaona nini. Nilimwambia asubiri ukurasa wa tatu.

Tumbo la meli nimelikunja uani, chini ya magunia. Mpira wa kupitishia mvuke nimeufunga kwenye boila na kuuficha nyuma ya ndoo. Feni ni ya chumbani kwangu. Kikapu cha abiria ni kikapu cha nguo chafu, kimeoshwa. Kwa safari ya kwanza hakitachukua mtu. Nilimpa Binamu nafasi hiyo, akakataa.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika kwa utulivu.

Msimamizi alifika mapema. Mwanamke mrefu, gauni la bluu, miwani. Akapitisha kidole juu ya mlango. Safi. Shangazi akavuta pumzi. Akainua mikono kwenye rafu, akashusha furushi, akaliweka mezani kwa adabu, akafunua shuka la kwanza. Chini yake, mapazia yangu. Yana maua ya rangi ya chungwa.

Ulikuwa wakati mwafaka. Nilijitokeza, nikainamisha kichwa, nikamwomba mgeni atoke uani. Alitoka, nadhani kwa sababu hakujua la kufanya. Nikafungua koki.

Jambo hili liandikwe hata kama mengine yatasahauliwa: iliruka. Tumbo lilivimba, likanguruma, likainuka taratibu hadi usawa wa paa, jeupe, kubwa kama lori, jina la hoteli limetariziwa pembeni, juu chini. Dada wa Pasi alishika kichwa. Binamu alinyamaza kimya, jambo ambalo halijawahi kutokea. Nilianza ukurasa wa kwanza.

Nilipofika ukurasa wa pili, wanga uliyeyuka.

Lilianza tone moja, kwenye miwani ya Msimamizi. Kisha manyunyu. Kisha uji. Mvuke nao ulikuwa umeanza kupoa, kama ilivyoelezwa kwenye tanbihi, na tumbo lote likalegea, likashuka bila papara, likamfunika mgeni kuanzia kichwani hadi viatuni. Lilimnata. Niliendelea kusoma, kwa kuwa kukatiza hotuba ni utovu wa adabu.

Halafu sauti kutoka ndani ya mashuka, tulivu:

“Mwenye hapa ni nani?”

“Mimi,” Shangazi akasema.

“Na huyu anayesoma?”

“Mtoto wa kaka yangu.”

Uji ukadondoka.

“Pole,” ikasema sauti.

Shangazi hakunifokea. Ingekuwa nafuu. Alifunga kitambaa kichwani, akakunja mikono ya gauni, akaanza kufumua mishono yangu kwa meno. Msimamizi akavikwa kanga, akaketishwa kwenye kiti na chai. Gauni lake likaingia pipani pamoja na mashuka. Mvuke wote nilikuwa nimeumaliza, kwa hiyo Binamu akawasha kuni, wakachemsha maji kwa masufuria. Wanga uliopikwa ukiganda kwenye kitambaa hautoki kwa kuomba. Waliloweka, wakasugua, wakasuuza, wakarudia. Mikono ya Shangazi ilikuwa myekundu hadi kwenye viwiko. Niliomba niwasimamie. Nikapewa ndoo niishike. Haikuwa na kitu ndani.

Msimamizi hakuondoka. Alikaa na chai yake, akatazama kila kitu, mpaka shuka la mwisho lilipopigwa pasi. Akalipitishia kidole. Akavaa gauni lake, akajitazama mbele na nyuma, akaenda zake bila kusema neno.

Jumapili, 9 Machi

Shangazi hajala. Amekaa kwenye benchi la kufulia, mikono imepakwa mafuta, anaitazama barabara. Binamu amekaa naye. Nilipokaribia, Binamu alitikisa kichwa. Nikarudi chumbani. Nilikuwa nimeandaa tathmini fupi ya mafanikio, lakini niliona si wakati wake.

Chumba hakina mapazia. Watu wote wananiona nikifikiri.

Jumatatu, 10 Machi

Hoteli imekubali!

Msimamizi alimtuma mtu asubuhi. Akasema amezunguka kwa madobi wengi wakimwonyesha nguo zilizokwisha kutakata, lakini hajapata kuona watu wakitoa uji kwenye shuka la pamba, na kwenye mgongo wa mteja, bila kuacha doa. Kazi yote ni ya Shangazi. Shangazi alikaa chini palepale, akalia, akacheka, akamkumbatia Dada wa Pasi, akamkumbatia Binamu, akamkumbatia hata yule mjumbe. Mimi nilikuwa wa mwisho. Alinitazama muda mrefu, akanishika shavu kwa mkono wake mwekundu, akasema nimemzeesha. Nimelipokea kama shukrani.

Kuna sharti moja. Hoteli imetaka siku zote za kazi yao yule mhandisi asikanyage chumba cha kufulia, wala asikaribie boila. Binamu alilirudia sharti hilo mara kadhaa, kwa furaha isiyo ya lazima. Hakuona maana yake. Hoteli kubwa imeweka mkataba, na katika mkataba mzima aliyetajwa kwa taaluma yake ni mtu mmoja tu. Fundi wa majokofu hakutajwa popote.

Zaidi ya hayo, sasa nimepata muda. Nimeyachambua matokeo kwa uadilifu na kubaini kwamba kosa halikuwa la mvuke, wala la wanga, wala la mhandisi. Mashuka yalikuwa mepesi mno.

Adhuhuri furushi la kwanza limeshushwa: vitambaa vya meza vya ukumbi wa karamu. Nimevitazama nikiwa nje, kama sharti linavyotaka. Vipana kuliko mashuka. Vizito. Pindo zake zimeshonwa mara mbili. Nilimuuliza Dada wa Pasi kupitia dirishani, kwa njia ya mazungumzo tu, Shangazi huwa anatoka siku gani.

Akafunga dirisha.

Ni la kioo, hata hivyo. Bado naviona.