Malalamiko Dhidi ya Dawa Inayochagua Pa Kwenda

Kwa Mganga Mkuu,
Kitengo cha Dawa za Majaribio.

Mheshimiwa Daktari,

Natumaini hujambo. Mimi, fundi cherehani, mume wa mgonjwa wenu wa uvimbe wa ini, sijambo kwa shida, na kisa ni dawa yenu mpya.

Mlitueleza kuwa ni chembechembe za sumaku, ndogo kuliko vumbi, zilizoshikana kuwa vibonge na kuficha dawa ndani. Mnamdunga sindano, mnamwekea sumaku kubwa usawa wa ini, vibonge vinavutwa huko, na vikikuta asidi ya uvimbe vinaachana na kumwaga dawa. Kwingine vinapita kimya. Nalalamika hivi:

1. Dawa hii ina ubaguzi. Ile ya zamani ilimpiga mwili mzima bila upendeleo: nywele, kucha, tumbo. Mke wangu akawa mtu wa kulala tu, nami nikatawala cherehani kwa amani. Sasa anakula, anakuja dukani, na ameshafumua makoti mawili niliyoshona vibaya, mbele ya wenyewe.

2. Kwa kuogopa hiyo sumaku mwilini mwake, niliondoa pini zote dukani zisije zikamrukia. Suruali ya mwalimu mkuu nikaishona kwa kukadiria, na mguu mmoja ukawa mfupi. Nilipomsimulia nesi wenu, alicheka mpaka akakaa chini, ndipo akaniambia chembe hizo haziwezi kuvuta hata pini moja.

3. Limau nililipiga marufuku nyumbani, kwa sababu ya asidi. Hilo nalo lilimchekesha nesi.

4. Kubwa kuliko yote, dawa hii inaiaibisha ofisi yako. Kitu kisichoonekana kwa macho kinafika kinapotakiwa na kufungua mzigo penye shida. Mimi, mtu mzima mwenye barua yako mkononi, natupwa dirisha hadi dirisha, na kwenye la mwisho karani anakunywa chai.

Kwa hiyo mrudishieni mke wangu dawa ya zamani, na hii wadungeni makarani. Huenda nao wakafika kazini.

Wasalimie manesi, mlinzi wa getini, na karani akimaliza chai.

Wako mwenye kuonewa,
Fundi Cherehani.

Nyongeza: Nimekuta tangazo mlangoni kwenu kwamba majaribio huenda yakasitishwa. Daktari, nakusihi, ichane barua hii na msisitishe. Nilikuwa nimeshanunua kitambaa cheupe cha sanda, nikakificha nyuma ya cherehani. Juzi mke wangu alikiona. Alikikata, akashona mapazia ya duka.