Mlima Wenu Haupo

Kwa Meneja,
Hoteli ya Juu Kilimani.

YAH: KUTOKUWEPO KWA MLIMA

Mheshimiwa Meneja,

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, na kwamba utaweza kuiona. Maana kwa ukungu wa huko kwenu sitashangaa ukisomewa na mtu aliye karibu nayo zaidi.

Mimi ni mpima ardhi mstaafu. Kwa miaka thelathini na moja nimepima mashamba, viwanja, barabara na vilima vya watu, na sijawahi hata mara moja kuandika kwenye ramani kitu ambacho sikukiona kwa macho yangu. Nasema hivi si kwa kujisifu, bali ili ujue unajibizana na mtu wa namna gani.

Mwezi uliopita mimi na mke wangu tulikaa hotelini kwenu siku saba, chumba namba tisa. Mke wangu ni mkunga mstaafu, na mtaani anajulikana kama Mama Pacha. Safari ilikuwa zawadi ya hao watoto wetu pacha, ambao sasa ni watu wazima na wanaamini kwamba wazazi wakikaa sana nyumbani wanaharibika. Tangu tuoane hatujawahi kwenda mahali kwa ajili ya kupumzika tu. Mke wangu alikuwa na hamu moja, nayo ni kuuona mlima ulio kwenye kipeperushi chenu.

Hatukuuona. Ninayo malalamiko sita, nami nayapanga kwa uzito, kuanzia lile jepesi.

1. Pazia. Kipeperushi chenu kinasema, "Fungua pazia, usalimiane na kilele." Asubuhi ya kwanza nilifungua pazia nikakuta pazia jingine, jeupe. Nikatafuta kamba yake. Nilipapasa dirisha kuanzia juu hadi chini, nikapanda kwenye kiti, nikapapasa tena. Mke wangu alinitazama kitambo akiwa bado kitandani, kisha akasema, "Baba Pacha, shuka. Huo ni ukungu." Wahenga walisema macho hayana pazia. Naona hawakuwahi kulala chumba namba tisa.

2. Jana. Mhudumu wenu wa chumba cha kulia ni kijana mpole, na chai yake sina neno nayo. Lakini kila tulipomuuliza habari za mlima alijibu, "Jana ulionekana vizuri sana." Siku ya kwanza nilimwamini, kwa sababu jana yake hatukuwepo. Siku ya pili nikamkumbusha kwamba jana tulikuwepo, tena tulikaa dirishani mchana kutwa. Hakutikisika. Akasema, "Ulionekana upande wa jikoni, mzee."

Siku ya tatu nikaomba kunywa chai jikoni. Nilikaa juu ya debe la mafuta, katikati ya masufuria, macho nimeyakaza kwenye kidirisha cha kutolea moshi, huku mpishi akimenya viazi na kuniruka kila alipotaka kufika kwenye jiko. Sikuona kitu zaidi ya moshi ukienda kujiunga na ukungu. Kesho yake mhudumu akatuambia kwamba jana mlima ulionekana vizuri sana kutokea chumba cha kulia.

Meneja, nimewahi kusikia watu wakiuziwa mbuzi kwenye gunia. Hii ni mara ya kwanza kuuziwa mlima humo.

3. Kengele. Siku hiyohiyo ya tatu ukungu uliingia ndani. Ukungu wenyewe siulaumu. Nje kulikuwa na baridi. Ninachokilaumu ni hatua mliyochukua. Msimamizi wa vyumba aligawa kengele ndogondogo, kila mgeni na mlio wake, ili tusigongane kwenye korido. Ya mke wangu ililia kwa sauti nyembamba. Ya kwangu ililia kama ya ng'ombe anayetafutwa.

Saa kumi jioni nilisikia ule mlio mwembamba barazani. Nikavuta kiti, nikaketi. Kwa kuwa sikuona uso wa mtu, nilipata ujasiri ambao sijawahi kuupata katika ndoa yangu, nikakiri kwamba sikio langu la kushoto, ambalo kwa miaka kumi na minne nimekuwa nikisema halisikii, linasikia barabara. Mke wangu hulala upande wa kushoto. Nilieleza sababu zangu kwa muda wa nusu saa hivi, pamoja na mifano. Nilipomaliza, sauti nzito ya kiume ikasema, "Ndugu yangu, nimekusikiliza kwa makini. Sasa haki inataka nimsikilize na mama."

Alikuwa hakimu mstaafu wa chumba namba nne. Wakati wa chai alikuwa amechukua kengele ya mke wangu mezani kwa bahati mbaya. Na kweli alimsikiliza mama. Chakula cha jioni mke wangu alikaa kushoto kwangu, akazungumza kuanzia supu mpaka matunda, nami sikuwa na pa kukimbilia.

Naomba ufuate hesabu hii polepole. Kama mlima ungeonekana, ukungu usingekuwepo. Kama ukungu usingekuwepo, kengele zisingegawiwa. Kama kengele zisingegawiwa, mimi hadi leo ningekuwa kiziwi. Ni dhahiri basi kwamba sikio langu limepona kwa uzembe wa hoteli.

4. Matembezi. Siku ya tano tuliandikishwa matembezi ya kwenda "Mahali Pazuri pa Kuutazama Mlima". Kiongozi wetu alikuwa mzee mwenye fimbo ambaye wageni walikwisha kumbandika jina la Tumekaribia, kwa kuwa hilo ndilo neno alilojibia kila swali, hata la choo. Tulifungwa kamba moja kiunoni, watu tisa, tukaenda saa tatu nzima. Tulipofika, kulikuwa na kibao kinachosema kweli tumefika, na nyuma ya kibao kulikuwa na weupe.

Tumekaribia akanyoosha fimbo yake kwenye ule weupe. "Lile pale ni bega la kushoto. Pale juu ndipo kichwa. Ule mstari mweusi ni ufa wa zamani sana." Watu wote wakasema, "Aaa." Wengine wakapigwa picha na huo weupe, wakitabasamu. Mke wangu naye alisema, "Aaa." Nikamnong'oneza, "Unaona nini?" Akanijibu, "Sioni kitu. Lakini anaeleza vizuri."

Hapo uvumilivu ukanishinda. Nikajifungua kamba, nikatoa dira na utepe wa kupimia, ambavyo sisafiri bila kuwa navyo, nikaanza kupima njia ya kurudi kwa mstari ulionyooka. Kibao chenu, Meneja, kipo hatua arobaini na mbili nyuma ya chumba cha kufulia nguo. Ukitulia unamsikia dobi akipiga mswaki kola za mashati. Saa zote tatu tulikuwa tukiizunguka hoteli.

4 (b). Nilipowatangazia wenzangu matokeo ya vipimo hivyo, mama mmoja alinijia juu kwamba nimemharibia siku. Na hili naomba liandikwe.

5. Kura. Jioni ile niliwaita wageni wote kwenye ukumbi wa mapumziko. Tulikuwa watu kumi na wanne. Hakimu mstaafu alikubali kuwa mwenyekiti. Nikaeleza kwa utulivu kwamba mlima haujaonekana na mgeni yeyote, kwamba ushahidi pekee uliopo ni jana ya mhudumu na fimbo ya mzee, na kwamba wahenga waliposema milima haikutani walikuwa na maana ya milima kwa milima. Huu wenu haukutani hata na wageni wake. Nikapendekeza tuazimie kwa pamoja kwamba haupo.

Wanaosema haupo, mkono juu. Niliinua mkono wangu. Wanaosema upo. Mikono kumi na miwili ikainuka. Mwenyekiti hakupiga kura. Ukungu ulikuwa umepungua kidogo ukumbini kwa sababu ya moto, na nikaona kwamba mkono wa pili kutoka kushoto ulikuwa wa mke wangu. Penye wengi hapaharibiki neno, lakini mimi niliharibikiwa.

Tulipofika chumbani nikamuuliza kwa nini ameniaibisha mbele ya hakimu. Hakupandisha sauti. Alikuwa akikunja kitenge chake, akaendelea kukikunja. Akasema, "Baba Pacha, miaka thelathini na moja umekuwa ukiniaga asubuhi unakwenda kupima vilima vya watu. Mimi sijapata kuona hata kimoja. Lakini ukirudi nilikuwa nakuuliza, kilima kimekuwaje leo? Nilikubali kwamba vipo. Huu mmoja tu ndio unishinde?"

Sikuwa na la kumjibu. Ndiyo maana nakuandikia wewe.

6. Nyumbani. Sasa nafika kwenye kiini. Tumerudi wiki mbili zilizopita na nyumba yangu haina amani, ingawa haina kelele. Mke wangu ameamua kurudi kwenu mwisho wa mwezi huu pamoja na dada yake, yaani shemeji yangu, mwanamke asiyejua dira wala utepe. Begi lake limeshatolewa juu ya kabati. Nilimweleza kwamba hakuna sababu ya kwenda, kwani mlima haupo. Akasema, "Basi nitakwenda kuutazama hivyo usivyokuwepo." Nikamwambia anaweza kungoja maisha yake yote. Akasema yeye ni mkunga, amengoja watu wengi wagumu kuliko mlima, na wote walitoka.

Hakuniuliza kama nataka kwenda naye. Nilipita mlangoni mara kadhaa ili apate nafasi ya kuniuliza. Hakuitumia.

Kwa sababu hizo, na nikizingatia kwamba mtu hawezi kuachwa nyumbani peke yake na birika la chai kwa ajili ya kitu ambacho hakijathibitishwa, nakuomba umwandikie mke wangu barua rasmi, yenye muhuri, ukichagua moja kati ya haya:

(a) kwamba mlima haupo na haujapata kuwepo, na picha ya kipeperushi ni ya mlima wa jirani, au

(b) kwamba ulikuwepo, lakini umeondolewa kwa ajili ya matengenezo na haijulikani utarudishwa lini, au

(c) kama dhamiri yako inakataa hayo mawili, kwamba upo, ila hautazamwi na wanawake wanaosafiri na dada zao.

Mimi binafsi naridhika na lolote. Ningependa (a), kwa heshima ya taaluma yangu. Ukichelewa zaidi ya siku kumi na mbili, mke wangu atakuwa amekwisha kufika mapokezi kwenu, na barua itakuwa haina kazi.

Nisalimie mpishi, na umwambie nasikitika kwa kumkalia debe. Msalimie dobi, ambaye hatukuonana ila nilimsikia. Msalimie Tumekaribia na umwambie sikumaanisha kumvunjia heshima mbele ya watu; kwa kweli ule ufa aliueleza vizuri. Msalimie hakimu kama bado yupo, na msimamizi wa vyumba, na yule mama niliyemharibia siku. Mhudumu wa chumba cha kulia naye mpe salamu zangu, za leo.

Nikingoja jibu lenye muhuri, nabaki kuwa mtu wa ukweli na vipimo,

Baba Pacha,
Mpima ardhi mstaafu,
aliyekuwa chumba namba tisa.

Nyongeza: Barua hii imekaa mezani siku tatu bila stempu. Kila nikiishika naona kuna jambo sikuliandika, na mtu anayedai ukweli kwa mwenzake hana budi kuutanguliza wa kwake.

Niliuona.

Ilikuwa asubuhi ya kuondoka. Mke wangu alikuwa chumbani akifunga mabegi, mimi nimetangulia getini kuhakikisha gari limefika. Dereva alikuwa amelala chini ya gari akikaza nati fulani. Ukungu ukafunguka bila kelele yoyote. Ulikuwa pale, Meneja, wote, mpaka kichwani. Wiki nzima nilikuwa nikitazama chini mno. Ulikuwa juu kuliko mahali popote nilipopatafuta, hata nikadhani ni mawingu. Sikutoa dira. Dereva alichungulia kutoka chini ya gari, akasema tu, "Leo umetoka," akarudi kwenye nati yake.

Ningemwita, mke wangu angefika. Dirisha la chumba lilikuwa wazi na nilikuwa nasikia zipu za mabegi. Sikumwita. Nilikuwa nimekwisha kupiga kura, na nilikuwa nimeanza kuandika malalamiko haya kichwani, nipo kwenye la nne. Nikasimama pale na mlima wake, peke yangu, kama mwizi. Ukajifunga tena. Akatoka na kitenge begani, akauliza, "Vipi huko?" Nikamwambia, "Ukungu tu."

Kwa hiyo usimwandikie mke wangu chochote. Akija, mpeni chumba kinachotazama getini, na mtu amwambie atazame juu kuliko anavyodhani. Haya mengine nitamwambia mwenyewe kabla hajaondoka. Nimebakiwa na siku tisa, na jana usiku nilianza mara mbili nikaishia kumuuliza kama mlango umefungwa.