Mashavu ya Nta

Shoga zangu wa Unguja, leo nimefedheheka. Anayetaka kucheka aanze sasa, amalize kabla sijafika mwisho.

Mnajua leo Zuhura, mwanangu wa pekee, alikuwa anaolewa. Mnajua pia kwamba baba yake aliponiacha nilikonda mpaka mashavu yakaingia ndani. Sasa mkewe mpya, Mwajuma, alikuwa amealikwa. Nikaapa hatanikuta nimenyauka. Anikute nimenawiri, ajue talaka si ugonjwa.

Basi juzi nikapanda lori mpaka Msata. Kuna bwana pale aliwahi kuwa dresa jeshini, mfunga vidonda, siku hizi anawachoma watu nta usoni ili mashavu yajae. (Ndiyo, nta, hiyo hiyo ya mishumaa. Msiniulize akili nilikuwa nimeiacha wapi.) Akaiyeyusha, akaivuta kwenye sindano nene.

"Itauma?"

"Kidogo tu, mama. Ukitaka uzuri sharti udhurike."

Nilirudi nyumbani Dunda na mashavu ya mwari. Nikajitazama kiooni, nusura nimsamehe baba Zuhura.

Leo asubuhi nimeamka na uso si wangu. Shavu la kushoto limevimba mpaka jichoni, la kulia gumu kama kifuu, midomo haikutani. Nikajitanda kanga hadi puani, nikatoka kupokea wageni.

"Pole, mama Zuhura. Jino?" akauliza wa kwanza. Nikatikisa kichwa kukubali. Wa pili naye pole. Wa tatu akanivuta pembeni, akaniuliza kwa sauti ya chini ni nani kanipiga. (Mwanamume mwenyewe sina, wa kunipiga atoke wapi?) Mimi niliyetaka kuonewa wivu nikashinda nikipewa pole.

Kisha Mwajuma akaingia, na alikuwa amependeza, sitasema uongo.

"Shikamoo, dada." (Shikamoo, na tumepishana miaka sita tu.)

Nikaguna, ndiyo marahaba yangu hiyo. Akanitazama, akafungua pindo la kanga yake, akanipa karafuu.

"Bana kwenye jino, dada. Litatulia."

Hakuwa akinikejeli, na hilo liliniuma kuliko sindano. Dharau yake nilikuwa nimejiandaa nayo. Huruma yake sikuijua pa kuiweka.

Mara sauti ikatoka barazani kwa wanaume: "Ameshaozwa." Ukumbi mzima wa wanawake ukanigeukia. Kigelegele cha kwanza ni cha mama wa bibi harusi, hakuna wa kumtangulia. Na Zuhura alikuwa chumba cha ndani, anakisubiri. Nilimwahidi tangu yuko mdogo.

Nikafungua mdomo. Ulimi ulicheza, mashavu yakagoma. Ikatoka pumzi, na mate. Nikajaribu tena, pumzi tena. Wanawake wakaanza kutazamana.

Ndipo nyuma yangu kikapaa kigelegele kirefu, kizuri, na nyumba nzima ikakiitikia. Sikugeuka. Karafuu ya mwenye sauti ile nilikuwa nayo bado mkononi.

Baadaye nikaingia kwa mwanangu. Akanikumbatia huku analia.

"Mama, nimekisikia kigelegele chako. Tangu baba aondoke sijakusikia na furaha kama ile."

Nikaguna tena.

Wiki ijayo anakuja huko na mumewe. Mimi nichekeni mtakavyo, lakini yeye msimwambie kilikuwa cha nani.