Kujitoa kwa Butandwe

Jumatatu, 9 Juni 2025

Baridi. Mlima Meru haujaonekana tangu wiki iliyopita, na mimi sijaongea na mtu tangu Ijumaa. Asubuhi nimejisalimia kwenye kioo. Nikajijibu nzuri tu.

Habari mbaya kazini! Mazungumzo ya nchi ya Butandwe kujitoa katika Jumuiya ya Soko la Maziwa yanafungwa Ijumaa hii. Rodrick ametangaza mbele ya wote. Rodrick, niliyempokea mwenyewe akiwa hajui hata kuwasha printa, leo ndiye Mkuu wa Itifaki. Shikamoo bado ananipa, ila anaitoa akiangalia simu.

Wenzangu wamepiga makofi. Wamechoka na ushuru wa samaki. Na mimi je? Tangu mazungumzo yaanze, chakula cha mchana nakula na Balozi Sezikeye, mkuu wa ujumbe wa Butandwe. Mtu mnene, mcheshi, kofia ya pama haivui hata ndani. Ananiuliza nimelalaje, halafu anasubiri jibu! Arusha nzima hakuna mwingine. Huku Usa River ninakoishi, jirani yangu Aminieli ananijua kama mtu wa maziwa. Kila siku anauliza kama tunapokea na ya jioni. Nimemweleza hadi nimechoka kwamba ni maziwa ya kuvua samaki, si ya kukamua.

Uamuzi: Butandwe isijitoe. Ikishindikana, ijitoe polepole.

Jumanne, 10 Juni

Binti yangu Ndeshi amepiga simu kutoka Mwanza. Nimemweleza hali. Akasema baba, si umkaribishe tu huyo balozi nyumbani, mle, muongee? Watoto! Balozi haitwi kwa mdomo kama jirani anayealikwa kipaimara. Na akae wapi? Viti vyote vina magazeti juu. Nimemwambia nina mpango mkubwa zaidi. Akasema haya baba, kwa sauti ileile ya marehemu mama yake.

Mpango wenyewe: wenzangu walipoenda chai, nikabaki. Nakala ya Kiswahili ya mkataba iko kwangu, narekebisha nukta na mikato. Ibara ya kwanza inasema, "Butandwe inajitoa katika Jumuiya." Nimefuta "katika", nikaweka "kwa". Basi! Sasa Butandwe inajitoa kwa Jumuiya, kama mwanakwaya aliyeokoka juzi. Hawataona mpaka wasome kwa sauti, na wakiona itabidi warudi mwanzo. Nimetembea mpaka stendi napiga mluzi.

Jumatano, 11 Juni

Imenasa! Mwanasheria wa Butandwe kasoma ibara ya kwanza kwa sauti, akakwama. Upande wao ukauliza ni lini walikubali kujitoa kwa mtu. Upande wetu ukajibu kwamba Kiswahili hicho ni kizuri, wasione haya. Kuna aliyesema amina. Wakabishana mpaka mchana, ukurasa wa pili hawajaugusa. Balozi alicheka mpaka kofia ikaanguka.

Tumekula ndizi nyama. Akaniambia kwao mtu akiondoka mji bila kula nyumbani kwa rafiki, watu husema hakuwa na rafiki. Nikamwambia hiyo mila nzuri sana. Nikamuuliza kama hawana na mila ya kuongeza wiki mbili. Alinitazama kidogo, akaomba pilipili.

Alhamisi, 12 Juni

Balaa. Rodrick amekata "kwa" kwa kalamu, akaandika "katika" juu yake, pande zote zikatia saini pembeni. Hawakumaliza hata kikombe cha chai. Halafu akasema, kwa upole wa kuudhi, kwamba mzee vidole vimeanza kuteleza, apewe kazi nyepesi. Nimepewa mapambo ya hafla ya kesho. Mapambo! Mimi!

Lakini mwerevu haangushwi mara mbili. Hafla ikifana kupita kiasi, watasita. Nani huondoka shughuli ikinoga? Nikampigia Mama Princess wa kule Maji ya Chai, anayekodisha maturubai. Rodrick alikuwa karibu, kwa hiyo nikaongea kwa sauti ya chini. Nikasema kesho saa nne tuna shughuli ya kuaga, nataka heshima zote. Akasema pole sana baba. Nikamwambia asante, kwa kweli inauma. Akauliza alikuwa na miaka mingapi. Nikasema kwetu ametimiza ishirini na mitatu. Akasema Yesu wangu, mdogo hivyo! Akauliza kama anasafirishwa. Nikasema ndiyo, anarudi kwao, kwa ndege. Akauliza jina la kuandika kwenye bango, nikamtajia Butandwe. Akaniambia nisihangaike na lolote, maua ataleta yeye, na kwaya anayo.

Mama mwenye utu. Niliposhusha simu machozi yalikuwa yananilenga. Siku nyingi sijapewa pole.

Ijumaa, 13 Juni

Siandiki yote. Nitaandika machache.

Turubai jeupe. Vitambaa vya zambarau. Mashada ya maua ya duara, yenye misalaba. Katikati meza nyembamba, urefu wa mtu, na mishumaa huku na huku. Juu yake bango: TULIKUPENDA BUTANDWE, LAKINI MUNGU AMEKUPENDA ZAIDI. Mama Princess, amejifunga khanga nyeusi, akamuuliza Rodrick mwili unatokea nyumbani au mochwari. Rodrick alikosa rangi.

Kwaya ikaanza. Hapo ndipo nilipowaelewa watu wetu. Hakuna aliyewaagiza, lakini waliposikia zile sauti za chini wote walisimama, wakapanga mstari, wakapita kwenye meza mmoja mmoja, wakiinamia mkataba. Wengine walifanya ishara ya msalaba. Wale waliopigania ushuru wa samaki kama paka walikuwa wanashikana mabega. Saini zikawekwa katikati ya vilio. Zimewekwa! Hakuna aliyesita.

Balozi alilia kuliko wote. Akanishika mkono, akasema hajawahi kuagwa vizuri namna hii. Ndege yake ni Jumapili, Jumamosi yuko huru. Ana mguu wa mbuzi wa kuchoma. Akauliza naishi wapi hasa, kama atapita mchana atanikuta? Nikamwelekeza hadi getini. Nikasema atanikuta, niende wapi tena?

Jumamosi, 14 Juni

Nimeamka mapema. Nimetoa magazeti kwenye viti. Nimeosha sahani mbili. Nimezipanga mezani, nikazitazama. Zimependeza.

Na hapo wazo likanijia! Ibara ya kipindi cha mpito inaruhusu nyongeza. Tukiongeza kwamba Butandwe iache Arusha mwangalizi wa ngazi ya balozi, Sezikeye anabaki miaka miwili! Kwa nini nile naye mara moja wakati naweza kula naye miaka miwili? Nimekimbilia ofisini. Simu nimezima ili nifikiri. Nimeandika kurasa na kurasa. Kazi safi, naisema mwenyewe.

Nimerudi jua linazama. Aminieli ananiambia mtu mnene wa kofia alikaa kwenye jiwe la getini kwangu mchana kutwa na mfuko wa nyama, anapiga simu haipokelewi. Aminieli akamwonea huruma, akamwita kwake. Wamechoma mguu wa mbuzi. Wamecheka sana, anasema, mtu yule ana hadithi! Amemkaribisha Butandwe akaone ng'ombe. Kipande changu kipo, kimefunikwa, na supu bado ya moto, niingie.

Nikasema sina muda, nina kazi. Nimekula mkate. Sahani ya pili nimeirudisha kabatini. Imeniuma, siwezi kusema haikuniuma.

Jumapili, 15 Juni

Ndege imepita juu ya nyumba. Nimepunga mkono uani. Ndeshi amepiga, akauliza vipi mgeni alikuja? Nikamwambia mazungumzo yako hatua nzuri.

Kuna fununu kazini kwamba nchi nyingine nayo inataka kujitoa. Mkuu wa ujumbe wake ni mjane, haoni raha kula peke yake. Nimeanza rasimu leo leo. Safari hii naweka vizingiti kuanzia utangulizi, mazungumzo yasiishe mpaka nistaafu.

Aminieli anagonga mlango. Anasema chai imeiva na mkewe ameweka kikombe changu. Nimezima redio, nimekaa kimya nyuma ya pazia mpaka ameondoka. Majirani hawaelewi. Natafuta mtu wa kula naye, na kazi hiyo haitaki kusumbuliwa.